"Kompyuta Hazionani": Tathmini ya Kushea Mafaili kwa Windows Katika Nyumba ya Ngamiani, Tanga

Kinachopimwa hapa ni kitu ambacho wengi wanacho tayari bila kujua kwamba wamekilipia: uwezo wa Windows 10 na Windows 11 wa kushea mafaili kati ya kompyuta zilizo ndani ya nyumba moja. Hauli bando wala hauhitaji akaunti ya nje. Rauta ikiwa imewaka tu, hata kama laini yake haina salio, faili linatoka chumba hiki hadi kile. Hukumu tunaitanguliza. Injini yenyewe ni imara na tunaisifu kwa moyo mmoja. Dirisha ambalo Windows imewapa watu walipitie kuifikia injini hiyo ni bovu, na ndilo linalowarudisha watu kwenye flashi wakiamini mtandao wao umekufa.

Nyumba tunayoilenga ni ile ya kawaida ya Ngamiani: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, na chumba cha mbele kinachotazama barabara kimegeuzwa stationari ya kuchapa, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Mbele kuna deskitopu yenye printa, tuiite MBELE. Chumba cha ndani kuna deskitopu yenye diski kubwa ya kuhariria video za harusi, tuiite NDANI. Kuna na laptopi inayozunguka na mwenyewe hadi uani jioni. Zote zimeshika rauta moja ya 4G, na deskitopu zote mbili ni za mtumba, zilizotoka ofisini mahali fulani zikapigwa Windows dukani kabla ya kuuzwa. Hilo la mwisho likumbukwe, maana tutalirudia.

Kasi: sifa inayostahili

Lugha ambayo kompyuta hizi huongea inaitwa SMB, na Windows 10 au 11 zikikutana hutumia toleo la 3.1.1. Toleo hili likipewa waya mzuri hufanya kazi karibu na kikomo cha waya huo. Mlango wa megabiti 1000 hutoa takribani MB 110 kwa sekunde; mlango wa megabiti 100 hutoa MB 11 hivi; waifai ya 2.4 GHz ikipenya kuta mbili tatu za matofali mara nyingi hubaki kati ya MB 3 na 6. Chukua video ya harusi yenye GB 30: kwa mlango wa 1000 ni dakika nne na nusu, kwa mlango wa 100 ni dakika 45, na kwa waifai ya MB 4 ni zaidi ya saa mbili. Programu ni ile ile, faili ni lile lile.

Kwenye waifai kuna jambo ambalo watu hawaliangalii. Kompyuta zote mbili zikiwa hewani, kila kipande cha faili hupita hewani mara mbili, kwanza kutoka kwa mtumaji hadi kwenye rauta, halafu kutoka kwenye rauta hadi kwa mpokeaji, na kasi hupungua karibu nusu. Kuitia waya hata moja tu kati ya hizo mbili kunaleta nafuu unayoiona kwa macho.

Rauta nyingi za 4G za bei ya chini zina milango ya megabiti 100 tu, na hapo mtu hudhani lazima abadilishe rauta. Si lazima. Nunua swichi ya milango mitano ya megabiti 1000, chomeka MBELE na NDANI kwenye swichi, kisha swichi ichomekwe kwenye rauta. Mafaili yanayopita kati ya kompyuta hizo mbili yataishia kwenye swichi bila kugusa rauta. Kwa mwenye kuhariri video, hakuna pesa inayorudi haraka kuliko hiyo.

Tatizo la waya Tanga ni chumvi. Upepo wa baharini hufika hadi ndani ya jeki, na waya wa bei rahisi, ule wa alumini iliyopakwa shaba, huliwa na kukatika kwenye shingo ya jeki kabla ya kitu kingine chochote. Dalili yake inapotosha: mtandao haukatiki, unapungua tu. Kasi ya 1000 inahitaji nyaya zote nane. Kasi ya 100 inatosheka na nne, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Pini ya 4 au ya 7 ikishika kutu, mara nyingi kompyuta hushuka kimya kimya hadi 100 na hakuna ujumbe wowote unaotokea. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, uandike:

Get-NetAdapter

Ukiona 100 Mbps kwenye safu ya LinkSpeed ilhali kompyuta na swichi zote ni za 1000, kata jeki zote mbili ubane upya. Mpangilio wa kawaida, pini ya kwanza hadi ya nane, ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Msokoto usifunguliwe zaidi ya milimita 13 kabla ya jeki, na ganda la nje liingie ndani ya jeki ili libanwe na kile kikoleo chake. Fundi anayeacha nyaya za rangi zikichungulia nje ya jeki amekuachia kazi ya kurudia baada ya msimu mmoja wa kusi. Nunua waya wa shaba tupu. Mita 20 zinazovuka ukumbi hazitakufilisi.

Kuonana na kufikiana ni mambo mawili

Malalamiko tunayoyasikia kila mara ni haya: "Fundi, kompyuta hazionani." Mtu amefungua ile sehemu iitwayo Network upande wa kushoto wa dirisha la mafaili, amesubiri, na kompyuta ya pili haijatokea. Hapo ndipo Windows inapopoteza alama kwetu. Orodha ile ni ya matangazo tu. Kila kompyuta hujitangaza kwenye mtandao wa nyumbani kupitia huduma ndogo, na huduma hizo zikilala, kompyuta haitajwi hata kama milango yake yote iko wazi. Inaweza isionekane ikafikika vizuri, na inaweza ikaonekana kisha ikakataa kukufungulia.

Ile orodha iache. Kwenye NDANI fungua Command Prompt uandike ipconfig, uisome anwani kwenye mstari wa IPv4, tuseme ni 192.168.1.20. Nenda MBELE, bofya sehemu ya juu ya dirisha la mafaili panapoandikwa anwani, uandike:

\\192.168.1.20

Folda zikifunguka, mtandao wako ni mzima. Tengeneza njia ya mkato na uendelee na kazi. Ukipenda kuirudisha na ile orodha, fungua services.msc, tafuta Function Discovery Resource Publication na Function Discovery Provider Host, uziweke zote mbili kwenye kuanza zenyewe, ile ya kuchelewa kidogo. Malalamiko mengi ya "hazionani" huishia hapo. Usisikilize ushauri wa zamani wa kutengeneza HomeGroup, iliyoondolewa kwenye Windows 10 tangu toleo la 1803 mwaka 2018. Maelekezo yanayoitaja yamepitwa.

Zisipofunguka, kuna maswali matatu, na lazima yaulizwe kwa mpangilio wake: njia ipo? wewe ni nani? una ruhusa gani? Fundi anayerukia la tatu kabla ya la kwanza atamaliza asubuhi nzima akibadilisha ruhusa za folda ambalo njia yake imefungwa. Windows yenyewe inachangia, kwa kutoa ujumbe mrefu wa jumla wenye namba 0x80004005 usiosema lolote. Amri ya net use ni mkweli zaidi, na tunashauri itumike badala ya kubofyabofya:

net use \\192.168.1.20\Kazi /user:NDANI\familia *

Kazi ni jina la folda linaloshewa, NDANI ni jina la kompyuta inayotoa mafaili, na familia ni akaunti; folda na akaunti hiyo tutavitengeneza hapo chini. Nyota ya mwisho inaiambia Windows ikuulize nenosiri. Ikikataa, itatoa namba fupi, na kila namba ina swali lake. 53 ni njia haipo. 67 ni kompyuta imefikiwa ila jina la folda si hilo. 86 au 1326 ni jina la mtumiaji au nenosiri si sahihi. 5 ni umetambuliwa lakini huna ruhusa. 1219 ni kwamba tayari umeingia kwenye kompyuta ile kwa jina jingine, na Windows haikubali mtu mmoja kuingia kwa majina mawili. Andika net use * /delete ujaribu tena, au tumia jina la kompyuta badala ya namba yake, maana Windows huzihesabu kama kompyuta mbili tofauti. Amri hii ya net use usiitoe kwenye dirisha la msimamizi, yaani lililofunguliwa kwa Run as administrator, kwani diski utakayoiunganisha huko haitaonekana kwenye dirisha lako la kawaida la mafaili.

Njia

Ukipata 53, linganisha anwani za kompyuta mbili. Kwa rauta ya kawaida ya nyumbani namba tatu za mwanzo zinatakiwa zifanane: 192.168.1.20 na 192.168.1.35 ni majirani. Moja ikiwa 192.168.1.20 na nyingine 192.168.0.7, una rauta mbili kila moja ikigawa anwani zake. Hii hutokea sana nyumba inapoingiziwa faiba huku rauta ya zamani ikiachwa imechomekwa nyuma ya ile mpya ili waifai ifike uani. Iweke ya zamani kwenye hali ya Access Point, yaani isambaze waifai tu, kama inayo. Kama haina, ipe anwani isiyogongana na ya rauta kuu, zima DHCP yake, yaani kazi ya kugawa anwani, kisha waya uingie kwenye mlango wa LAN (wa vifaa vya ndani) na si ule wa WAN (wa intaneti). Anwani inayoanza na 169.254 maana yake ni kwamba kompyuta haikupewa anwani na yeyote. Shughulikia waya au waifai kwanza.

Namba zikifanana na bado njia haipo, angalia kama moja imeshika waifai ya wageni. Rauta nyingi huzuia vifaa vilivyo kwenye waifai ya wageni visigusane na vingine, na baadhi zina kitufe cha namna hiyo hata kwenye waifai kuu, kikiitwa AP Isolation au Client Isolation. Kizimwe.

Halafu kuna Windows yenyewe. Kila mtandao mpya huuweka kwenye kundi la Public, yaani kama vile uko stendi ya mabasi, na hufunga milango ya kushea. Ukibadilisha rauta au hata jina tu la waifai, kwake huo ni mtandao mpya, na kushea kulikokuwa kunafanya kazi jana leo kunakufa. Fungua mipangilio ya mtandao, bofya mtandao uliounganishwa, chagua Private. Au kwa PowerShell ya msimamizi:

Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Wi-Fi" -NetworkCategory Private

Fanya hivyo kwenye kompyuta inayotoa mafaili hasa. Usizime Windows Firewall nzima "kujaribu", kwa sababu majaribio ya namna hiyo husahauliwa na kompyuta hubaki uchi. Kipimo sahihi cha njia ni hiki, ukiwa MBELE (445 ni namba ya mlango ambao SMB hupitia):

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445

TcpTestSucceeded ikiwa True, swali la kwanza limejibika na usilirudie tena. Ikiwa False na mtandao ni Private, hakikisha kitufe cha File and printer sharing kimewashwa, kisha angalia antivairasi ya nje yenye firewall yake au VPN iliyoachwa imewashwa. Ping usiitegemee peke yake, maana inaweza kuzuiwa huku mlango wa 445 uko wazi.

Wewe ni nani?

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo mambo yamebadilika zaidi miaka ya karibuni.

Anza na PIN. Watu huingia kwenye kompyuta zao kwa tarakimu nne, na Windows ikiwauliza nenosiri la NDANI wanaandika zile zile. Zitakataliwa daima. PIN ni ya kompyuta ile iliyowekwa, haisafiri kwenye mtandao. Akaunti isiyo na nenosiri kabisa nayo itakataliwa, kwa sababu Windows huiruhusu iingie ikiwa imekaa mbele ya kioo chake tu. Na akaunti ya Microsoft hudai barua pepe na nenosiri la mtandaoni, ambalo wengi walilisahau siku ile ile waliyolitunga.

Njia safi ni kutengeneza akaunti ya kazi hii tu kwenye kompyuta inayotoa mafaili. Kwenye NDANI, Command Prompt ya msimamizi:

net user familia * /add

Utaulizwa nenosiri mara mbili, na herufi hazionekani unapoandika. Kisha, kwenye PowerShell ya msimamizi, usiache hili:

Set-LocalUser -Name familia -PasswordNeverExpires $true

Mstari huo wa pili ndio unaosahaulika. Akaunti iliyotengenezwa kwa net user hufuata ukomo wa kawaida wa Windows, ambapo nenosiri huisha muda baada ya siku 42. Kila kitu hufanya kazi mwezi mzima na ziada, kisha siku moja kinakatika bila mtu kugusa kitu, na lawama zote huiangukia rauta.

Kwenye MBELE, hifadhi jina na nenosiri hilo ili usiulizwe kila asubuhi:

cmdkey /add:192.168.1.20 /user:NDANI\familia /pass

Njia ya mkato waliyozoea mafundi wengi ni kuzima ulinzi wa nenosiri ili kila mtu aingie kama mgeni. Ilikuwa mbaya zamani na sasa imefungwa kwa wengi: kuanzia Windows 11 toleo la 24H2, la mwaka 2024, toleo la Pro linakataa kuingia kokote kama mgeni, na hudai kila mazungumzo yawe na sahihi ya usalama. Ukiona ujumbe kwamba sera za usalama za taasisi yako zinazuia wageni, na wewe huna taasisi yoyote, ni hiyo. Kuna maelekezo mengi ya kuirudisha hali ya zamani kwa kuchokoa rejista. Tunapinga. Akaunti yenye nenosiri inachukua dakika mbili.

SMB1, yaani toleo la kwanza la SMB, nayo iachwe ilale. Ndiyo iliyopitiwa na WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia, Mei 2017, na tangu toleo la 1709 la mwaka huo huo Microsoft ilianza kuiondoa kwenye Windows 10 mpya. Watu hushawishika kuiwasha kwa sababu mbili: rauta ya zamani yenye tundu la USB la kuwekea diski, na mashine ya kopi ya zamani inayotuma skani kwenye folda. Zote mbili huenda zinajua SMB1 tu. Angalia kama mtengenezaji ana programu mpya ya kifaa hicho. Kama hana, diski ihamishie NDANI, na skani zitoke kwa flashi au kwa barua pepe.

Sasa lile la kompyuta za mtumba. Duka likipata deskitopu ishirini za aina moja, hupiga Windows kwenye moja, kisha hunakili diski nzima kwenda nyingine kumi na tisa. Ni haraka, na mnunuzi haoni tofauti. Lakini kila Windows ina namba yake ya utambulisho iitwayo SID, na kunakili diski bila kuiandaa kwa Sysprep, zana ya Microsoft ya kazi hiyo, huzaa mapacha wenye namba moja. Kwa miaka mingi mapacha hao walisheana mafaili bila shida yoyote, hata fundi akaona hakuna haja ya kujali. Masasisho ya Windows 11 matoleo ya 24H2 na 25H2 yaliyotoka kuanzia tarehe 29 Agosti 2025 yalibadilisha hilo: kompyuta mbili zenye SID moja zinakataliana kutambuana. Njia ipo, mlango wa 445 uko wazi, nenosiri ni sahihi, na bado dirisha la nenosiri linarudi tena na tena.

Kupima ni rahisi. Kwenye kila kompyuta andika:

whoami /user

Utaona kitu kinachoanza na S-1-5-21, kikifuatiwa na namba tatu ndefu, kisha namba fupi kama 1001. Linganisha zile tatu ndefu. Zikifanana tarakimu kwa tarakimu kwenye MBELE na NDANI, umeuziwa mapacha. Kubadilisha jina la kompyuta hakuondoi pacha, ingawa majina nayo yakifanana yabadilishe, na jina lisizidi herufi 15. Dawa ni kupiga Windows upya kwenye moja wapo, kutoka kwenye flashi ya GB 8 au zaidi iliyotengenezwa kwa zana ya Microsoft, baada ya kuhamisha mafaili yote nje. Sysprep inaweza kuendeshwa kwenye Windows iliyokwisha kutumika, lakini hukwama mara kwa mara kwa sababu ya programu za Store, kwa hiyo kuanza upya ni salama zaidi. Unaponunua kompyuta mbili za mtumba duka moja, iwe Tanga mjini au popote, washa zote mbili pale pale mezani uandike whoami /user kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hataudhika.

Una ruhusa gani?

Namba 5 ni habari njema. Inasema njia na utambulisho vimepita. Windows ina malango mawili kwa folda moja. La kwanza ni la kushea, liko kwenye kichupo cha Sharing. La pili ni la diski yenyewe, liko kwenye kichupo cha Security. Lenye ukali zaidi ndilo linaloamua. Ukimpa familia ruhusa zote kwenye la kwanza na jina lake halipo kwenye la pili, ataishia nje.

Mpangilio usiosumbua ni huu: tengeneza D:\Kazi, nje kabisa ya folda za mtumiaji. Bofya kulia, Properties, Sharing, Advanced Sharing, weka alama ya kushea, na kwenye Permissions mpe Everyone ruhusa ya Change. Kisha nenda Security, ongeza familia, mpe Modify. Basi. Kushea Desktop au Documents kunaleta vurugu za ruhusa zisizoisha, hasa kama OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, imeshazichukua folda hizo.

Na kuna kisa cha faili moja linalokataa kufunguka katikati ya mengine mia yanayofunguka. Ukikata faili kutoka folda jingine la D: na kulibandika D:\Kazi, linakuja na ruhusa zake za zamani, kwa sababu halikunakiliwa, limehamishwa tu kwenye diski ile ile. Ukinakili badala ya kukata, hurithi ruhusa za folda jipya. Kwa yaliyokwisha kuingia vibaya, Command Prompt ya msimamizi:

icacls D:\Kazi\* /reset /t

Dhidi ya njia nyingine

Flashi bado ina nafasi yake, ila nyingi huja na FAT32, ambayo haibebi faili moja linalozidi GB 4, na virusi vya stationari husafiri kwa flashi kuliko kwa kitu kingine chochote. LocalSend ni programu ya bure tunayoipenda kwa simu: inatuma kati ya Android, iPhone, Windows na Linux kupitia waifai ya nyumbani bila akaunti. Mteja aliyekuja na picha kwenye simu akiruhusiwa kushika waifai, picha zinaingia MBELE kwa sekunde. Upungufu wake ni kwamba hutuma nakala; huwezi kufungua faili lililoko NDANI, ukalirekebisha na kulihifadhi pale pale. Kwa kompyuta mbili zinazofanya kazi moja kila siku, SMB inashinda bila ubishi. Mwenye Mac au Linux naye hajaachwa, anaandika smb://192.168.1.20 na anaingia kwa akaunti ile ile ya familia.

Tusichoshauri ni kuhariri video moja kwa moja kutoka kwenye folda la mtandao kwa waifai, wala kufungua faili la hesabu la Access kwa njia hiyo. Muunganisho ukikatika sekunde moja katikati ya kuandika, faili la Access linaweza kuharibika lote.

Umeme

Umeme ukikatika na kurudi, rauta huanza upya na inaweza kugawa anwani kwa mpangilio mwingine. NDANI iliyokuwa 192.168.1.20 inakuwa 192.168.1.23, na njia zote za mkato zinakufa. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, sehemu ya DHCP, utafute Address Reservation, ufunge namba ya MAC ya NDANI, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chake cha mtandao, na anwani 192.168.1.20. Namba ya MAC utaipata kwa ipconfig /all, mstari wa Physical Address wa kile kifaa unachotumia. Waya na waifai vina namba tofauti, na kufunga isiyotumika ni kosa la kila siku. Zima pia kulala kwa NDANI kwenye mipangilio ya umeme ikiwa imechomekwa ukutani. Kompyuta iliyolala haijibu mlango wa 445, na kwa aliyekaa MBELE inaonekana sawasawa na rauta iliyokufa.

Asubuhi diski iliyounganishwa, yaani folda la mtandao uliloliunganisha kama diski, inaweza kuonyesha alama nyekundu ya mkasi (X) kwa sababu Windows imewaka kabla waifai haijashika. Ibofye mara mbili na itafunguka. Ukishafunga anwani, iandike kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa kasha la NDANI, pamoja na jina la akaunti bila nenosiri, ili hata fundi wa kesho asianze kuitafuta kwenye ile orodha.